Chanjo ya mRNA: fomula iko wazi, ugumu uko kwenye usafi na mafuta

Machi 2021 watafiti wa Stanford walikusanya matone yaliyosalia kwenye vichupa vya chanjo za COVID-19 za Pfizer na Moderna vilivyokuwa vinakwenda kutupwa, wakasoma mfuatano wa mRNA iliyomo (ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani), wakauweka wazi mtandaoni, GitHub. Chanjo ya Pfizer ina nyukliotidi, yaani herufi za mRNA, 4,284, na hakuna anayehitaji kuvunja kabati la mtu ili kuzijua. Afrigen ya Cape Town, kituo ambacho WHO ilikichagua mwaka huohuo kifundishe nchi nyingine teknolojia hii (Kenya imo, kupitia taasisi yake ya chanjo, BioVax), ilianza na mfuatano wa Moderna uliokuwa hadharani, na mwanzoni mwa 2022 ikatoa bechi ndogo ya kimaabara. Mfuatano ulikuwa sehemu rahisi. Kinachoangusha maabara nyingi ni takataka zinazozaliwa pamoja na mRNA, na namna mafuta yanayoifungasha yanavyokutana nayo.

Tuanze na kiolezo. mRNA hunakiliwa kutoka plasmidi, duara dogo la DNA, iliyokuzwa ndani ya bakteria E. coli. Plasmidi hiyo hubeba promota ya T7 (mahali unakili unapoanzia), jeni ya protini unayoitaka, na mkia wa herufi A mfululizo, kama 100 au zaidi. Bakteria hawaupendi mkia huo. Wakizaliana huupunguza, na unaweza kuvuna plasmidi yenye mkia nusu bila kujua. BioNTech, washirika wa Pfizer, waliugawa wao: A 30, herufi 10 za kutenganisha, kisha A 70. Otesha kwa nyuzi joto 30 badala ya 37, na soma mkia wa kila koloni kabla ya kuikuza kwa wingi. Baada ya hapo kata plasmidi kwa BspQI, kimeng'enya kinachokata kando ya mahali kinapopatambua, ili mkia uishie kwenye A bila herufi za ziada. Plasmidi ambayo haikukatika itazaa mRNA ndefu ajabu, kwa sababu polimerasi, kimeng'enya kinachonakili, haikupata mahali pa kusimama.

Mchanganyiko wa kunakili, kwa viwango vinavyotumika sana: DNA iliyokatwa nanogramu 50 kwa kila mikrolita, ATP milimola 6 kwa lita, GTP na CTP milimola 5 kila moja, N1-methilipseudoyuridini nayo milimola 5, ikishika nafasi ya UTP, kofia ya CleanCap AG (kofia ni kipande cha mwanzo wa mRNA) milimola 4, polimerasi ya T7, kizuizi cha RNase (kimeng'enya kinachokata RNA) na pirofosfatasi. Weka saa 2 kwa nyuzi 37, kisha DNase ili kumaliza DNA. Ukiona wingu jeupe kwenye tyubu, hiyo ni pirofosfeti iliyoshikana na magnesiamu: pirofosfatasi imesahaulika au imekufa. Na kabla ya kuagiza kofia hiyo ya bei mbaya, angalia herufi zinazofuata promota. CleanCap AG inataka unakili uanze na AG, ilhali plasmidi nyingi za zamani huanza na GGG. Usipobadilisha, sehemu kubwa ya mRNA itatoka bila kofia, na ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, hazitaijali.

Hiyo pseudoyuridini si pambo. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba nyukliosidi zilizobadilishwa huifanya RNA isiamshe kengele za seli, kazi iliyowapa Nobel mwaka 2023. CureVac ya Ujerumani walishikilia uridini ya kawaida. Dozi yao ikabaki mikrogramu 12, wakati Pfizer wanatoa 30 na Moderna walitoa 100, na mwaka 2021 jaribio lao kubwa likaonyesha ufanisi chini ya 50%. Aina mpya za kirusi zilichangia, ila kwa maoni yangu udogo wa dozi ndio uliowaponza.

Lakini uridini iliyobadilishwa haifuti kosa jingine. Polimerasi ya T7 ina tabia mbaya: ikifika mwisho wa uzi, wakati mwingine hugeuka na kunakili uzi ilioutengeneza yenyewe, na matokeo yake ni RNA ya nyuzi mbili. Kwa seli, nyuzi mbili maana yake ni kirusi. Intaferoni, protini ya kengele ya seli, inapanda, utengenezaji wa protini unazimwa, na aliyechanjwa anapata homa nyingi na kinga kidogo. Wengi hudhani safu ya oligo-dT imewasafishia. Safu hiyo hukamata kila chenye mkia wa A. Huondoa vimeng'enya, DNA na vipande visivyo na mkia, lakini RNA ya nyuzi mbili yenye mkia hupita pamoja na bwana harusi, yaani mRNA nzuri. Njia nafuu ni selulosi: changanya mRNA na unga wa selulosi kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) yenye ethanoli 16%, tikisa nusu saa, zungusha kwenye sentrifyuji. Nyuzi mbili hubaki zimeng'ang'ania selulosi, mRNA nzuri hutoka na kimiminika. Angalau 90% ya uchafu huo huondoka, na huenda ukapoteza hadi theluthi moja ya mali yako. Pima kabla na baada kwa kudondosha tone kwenye utando na kulipaka kingamwili ya J2, inayotambua nyuzi mbili tu.

Tupige hesabu. Mililita moja ya mchanganyiko ikitoa miligramu 5, kwenye karatasi hizo ni dozi 166 za mikrogramu 30. Baada ya usafishaji na ufungashaji, usishangae ukibaki na nusu.

Kuhusu RNase niseme machache: ipo kwenye ngozi, na RNase A hustahimili hata mchemko, kwa hiyo otoklevu usiitegemee. Vyombo vya kioo viokwe nyuzi 240 kwa saa 4. Pipeti za kazi hii zisiguse kazi nyingine. Maji ya DEPC, kemikali inayoua RNase, yanafaa, ila usiweke DEPC kwenye bafa ya Tris, Tris huimaliza.

Sasa mafuta. Lipidi ni nne: ile inayobadilika chaji (SM-102 kwa Moderna, ALC-0315 kwa Pfizer), DSPC, kolesteroli, na lipidi yenye PEG. Uwiano wa molekuli wa Moderna ni karibu 50 : 10 : 38.5 : 1.5. Zote huyeyushwa kwenye ethanoli. mRNA huwekwa kwenye bafa ya sitreti yenye pH 4. Hapo lipidi ya kwanza huwa na chaji chanya na kuikumbatia mRNA. pH ikirudi 7.4 chaji hufifia, ndiyo maana haichomi seli. Ikishamezwa na seli, kwenye kifuko chenye asidi, chaji hurudi na kupasua kifuko. Hata hivyo ni asilimia chache tu ya mRNA inayotoroka humo. Nyingine huliwa.

Pima lipidi hiyo ili kila fosfeti moja ya mRNA ipate nitrojeni 6. Changanya sehemu 3 za mRNA na 1 ya mafuta kwenye kifaa chenye vijia vyembamba, mililita 12 kwa dakika kwa jumla, yaani 9 za maji na 3 za ethanoli. Kasi ndiyo inayoamua ukubwa: ikiwa ndogo, chembe (vifuko vya mafuta vyenye mRNA ndani) huwa kubwa na zisizolingana. Kuchanganya kwa pipeti mkononi kunafaa kwa majaribio ya awali tu. Pasha mafuta kidogo kwanza na uhakikishe yamekuwa maangavu, kwa sababu DSPC na kolesteroli hujitenga kwenye ethanoli baridi na kuziba vijia. Chembe zikitoka, zimua mara moja kisha uondoe ethanoli. Ukiziacha zikae kwenye robo nzima ya ethanoli huku ukinywa chai, zitaungana.

Unatafuta nanomita 60 hadi 100, kipimo cha mtawanyiko (tofauti za ukubwa kati ya chembe) chini ya 0.2, na mRNA iliyofungwa zaidi ya 90%. Hilo la mwisho hupimwa kwa RiboGreen, rangi inayong'aa ikishika RNA: soma mwanga, pasua chembe kwa Triton X-100, soma tena.

Kuna kosa moja linalochosha kwa sababu halionekani. Lipidi iliyooksidika huzaa aldehaidi, na aldehaidi hushikana na herufi za mRNA. Wanasayansi wa Moderna walilieleza mwaka 2021. Jeli inaonyesha mRNA nzima, ukubwa uko sawa, lakini protini haitoki. Lipidi zikae nyuzi -20 chini ya agoni, na msambazaji adaiwe cheti cha usafi cha bechi ileile uliyonunua.

Kwenye kugandisha, bafa ndiyo hufanya fitina. Fosfeti ya sodiamu hushusha pH inapoganda. Chanjo ya kwanza ya Pfizer, ya kifuniko cha zambarau, ilikuwa na fosfeti: nyuzi -90 hadi -60, mwezi mmoja tu kwenye friji, na kila kichupa kilizimuliwa kwa mililita 1.8 za maji ya chumvi, kikageuzwa polepole mara 10 bila kutikiswa. Ile ya kifuniko cha kijivu ilihamia Tris, ikakaa friji wiki 10 na haizimuliwi. Kwa hiyo tumia Tris yenye sukrosi tangu mwanzo.

RNA inayojizidisha ndani ya seli inapunguza dozi. Kostaive, chanjo ya COVID-19 ya aina hiyo iliyoidhinishwa Japani Novemba 2023, hutumia mikrogramu 5. Gharama yake ni urefu: ni zaidi ya mara mbili ya mRNA ya kawaida, na uzi mrefu hukatika kirahisi zaidi katika kila hatua iliyotajwa hapo juu.

Anayeanza asianze na chanjo. Atengeneze mRNA ya lusiferasi, protini inayotoa mwanga, agawe mara mbili: nusu aipeleke kwenye seli za maabara za HEK293 kwa kitendanishi cha kununua kinachoingiza RNA kwenye seli, nusu aifungashe mwenyewe, kisha asome mwanga baada ya saa 24. Nusu ya kwanza ikiwaka na ya pili ikawa giza, kosa liko kwenye mafuta. Zote zikiwa giza, arudi kwenye kofia na mkia, kabla hajanunua lipidi nyingine.