Kiti cha mweka hazina

Jamani hii ya kamati imenichosha, acha niiseme. Kikundi chetu cha kujitolea hapa Nkuhungu tunapanda miti, na Dodoma mnaijua, mvua zinaanza Desemba huko Aprili zimekata, ukichelewa kupanda basi umepanda kuni. Sasa mweka hazina wetu kapotea tangu Septemba. Simu inaita haipokelewi, wasapu tiki za bluu, kimya. Na yeye ndo saini ya pili benki, kwa hiyo hela ya miche ipo tunaiangalia tu kama zabibu za shamba la jirani.

Wengine wakasema atolewe leo leo, mimi nikagoma, mtu anaweza kuwa na msiba au anaumwa. Nikachukua bodaboda mpaka Kisasa (buku tatu yangu, hakuna wa kunirudishia), nikamkuta mzima anachambua karanga, ananiambia dada nilichoka, nikaona aibu kusema. Aibu tu!

Katiba yetu inasema ukikosa vikao 3 mfululizo bila taarifa kiti kiko wazi, ila tukampa barua ya siku 14 ajieleze, akaandika kujiuzulu mwenyewe. Kikao akidi ikatimia kwa mbinde, mama mmoja tumemtoa sokoni na kapu lake, tukaweka kaimu mpaka mkutano mkuu. Muhtasari tumepeleka benki kubadilisha saini, nao wanataka picha za pasipoti sijui kitambulisho cha NIDA. Miche ya mwarobaini tumekopa.