Swichi ya tanuri nisiyoruhusiwa kuigusa

Huu mwaka wa tatu nakanda unga katika bekari ya Kiyahudi hapa Golders Green, kaskazini mwa London, na mpaka leo sijaruhusiwa kuwasha tanuri. Kukanda, sawa. Kusuka, sawa. Swichi, hapana.

Mwezi wa kwanza sikujua. Nilifika saa tatu usiku, baridi imenikaza, nikasema acha niwatangulizie kazi, nikaliwasha. Mzee msimamizi wa kosha, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, alipoingia alishika kichwa. Akalizima, akaliwasha upya kwa mkono wake. Kwa wanaoshika dini barabara, lazima Myahudi awe na mkono katika kuoka mkate, hata kama ni kubonyeza kitufe tu. Nilinuna siku mbili nikidhani ni dharau. Halafu nikakumbuka kwetu Mombasa: nani nyumbani angemgusa kuku bila kujua kachinjwa na nani?

Usiku wenye kazi ni wa Alhamisi, ule bibi yangu alikuwa akiuita usiku wa Ijumaa. Wao pia siku yao huanza jua likizama, ndiyo maana Sabato huingia Ijumaa magharibi. Na Desemba jua la hapa huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo usilale!

Mkate wenyewe ni khala: unga mweupe, mayai, mafuta, sukari kidogo, umesukwa kama nywele za binti wa arusi. Siagi na maziwa havimo, sababu utaliwa na nyama, na nyama na maziwa kwao haviketi meza moja. Nilimsimulia mzee habari za mahamri ya tui. Akasema nazi haina neno, jiko langu ndilo lenye neno.

Meza ya Sabato huwekwa mikate miwili mizima, kukumbuka mana ya jangwani iliyoshuka maradufu siku ya sita ili ya saba watu wasitoke kuokota. Hufunikwa kitambaa. Wanasema divai hubarikiwa kwanza, basi mkate usione haya.

Lakini kilichonishika mimi ni kidonge cha unga. Kabla hatujasuka, mzee humega kipande cha donge, kiasi cha zeituni, akasoma dua, akakifunga kwa foili. Katika Torati, Hesabu 15, hilo lilikuwa fungu la makuhani. Warumi walibomoa Hekalu mwaka 70, na leo fungu hilo haliliwi, huchomwa. Kumbe hata jina khala lilikuwa la fungu hilo kwanza, ndipo likauhamia mkate mzima.

Mikate ikishatoka, kidonge huachwa ndani mpaka kiwe mkaa. Mara ya kwanza nilikikuta nikisafisha, nikaingiwa na hofu kwamba nimeharibu tena. Nikampelekea mzee mkononi. Alicheka mpaka miwani ikamtoka.