Kemo ya vidonge nyumbani, mimi nilivyojipanga

Watu wakisikia unatibiwa kansa kwa vidonge wanakwambia afadhali wewe umeepuka dripu, na kiukweli hata mimi nilifurahi manake mishipa yangu ilikua imeshachoka kuchomwa. Ila kama ndo unaanza naomba ujue mapema kwamba kemo, yaani dawa kali za kuua seli za kansa, ya kumeza ni kemo ileile, haipungui nguvu eti kwa sababu iko kwenye kopo. Tofauti ni kwamba kule wodini kuna nesi anakuangalia na hapa nyumbani nesi ni wewe mwenyewe, na kazi hiyo inafundishika kabisa.

Dawa yangu inaitwa kapesitabini, wenzangu wa utumbo mpana na wa matiti wengi mnaijua. Mimi nilikua nameza asubuhi na jioni, wiki 2 mfululizo alafu wiki 1 ya kupumzika, mzunguko mmoja siku 21, na unameza ndani ya dakika 30 baada ya kula, kwa maji. Sio kila kidonge cha kansa kiko hivyo, imatinibu inataka chakula na glasi kubwa ya maji, nilotinibu na abirateroni zinataka tumbo tupu, kwahiyo mgonjwa mwenzio akikwambia yeye anamezaje msikilize tu ila usiige. Hata idadi ya vidonge inapigwa kwa urefu na uzito wako, ndo maana mi nilikua nachanganya vya miligramu 500 na vya 150 na mwingine hachanganyi.

Kabla sijaanza nilikaa na mfamasia nikamuuliza maswali yote yanayonitisha na majibu nikayaandika kwenye jalada la ndani la daftari, manake usiku ukiwa na kichefuchefu akili haifanyi kazi vizuri. Nikisahau dozi nafanyaje? Naruka, nasubiri inayofuata kwa saa yake, simezi mbili kwa pamoja. Nikitapika baada ya kumeza? Sirudii, naandika alafu nawapigia wa hospitali. Nikamwonyesha na kila kitu nilichokua natumia hadi vitamini, na vitamini zangu zilikua na asidi ya foliki, akanisimamisha palepale kwa sababu inaweza kuongeza sumu ya kapesitabini mwilini. Nani angejua? Ni vitamini tu jamani. Anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu au fenitoini ya kifafa aseme mapema sana, manake hizo zinagongana na hii dawa, na mitishamba usimfiche dokta hata kama unaona aibu.

Daftari lenyewe lilikua na mambo machache, saa niliyomeza, joto la mwili, choo mara ngapi, hali ya mdomo, hali ya viganja na nyayo. Alam za simu zilikua mbili, na nilikua naandika baada ya kumeza sio kabla, ili nikikuta pameandikwa basi najua imeshaingia tumboni. Joto nilikua napima KABLA ya kumeza panado, hii naisisitiza kwa sababu panado inashusha homa na wewe unajiona uko sawa kumbe maambukizi yanaendelea ndani na kinga ya mwili iko chini.

Sasa mikono na miguu. Hapa ndo dawa ilinikamata. Inaanza kama ganzi, kama vile sindano ndogondogo zinachoma, alafu viganja vinakua vyekundu, vinawaka, ngozi inabambuka, na usipoangalia vinapasuka na kuwa vidonda mpaka kushika kikombe ni shida. Nilichofanya ni kupunguza joto na msuguano, yaani maji ya moto nikaacha nikawa naoga ya uvuguvugu, kukamua nguo nikaacha, viatu vya kubana nikaweka pembeni nikavaa laini na soksi za pamba, na krimu yenye yurea asilimia 10 niliyopewa na dokta nikapaka asubuhi na kabla ya kulala, kupaka kwa kugusagusa tu sio kusugua. Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi, alama za vidole zinaweza kufifia, simu yangu iligoma kabisa kunitambua, kwahiyo weka namba ya siri kwenye simu na kama una jambo linalohitaji alama ya dole gumba waambie mapema.

Mdomo niliutunza kwa mswaki laini na kusukutua na maji yenye chumvi kidogo, zile dawa za kusukutua zenye pombe niliacha manake zinachoma na kukausha. Uchovu nao upo, nilikua natembea polepole kidogo kila siku nikiweza, na ilinisaidia kuliko kulala mchana kutwa.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kujua lini unasimama na kupiga simu. Nilipewa mipaka na nikaibandika ukutani: joto likifika 38, kuharisha mara 4 au zaidi kupita idadi yako ya kawaida kwa siku, au kuharisha usiku, kutapika zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, vidonda vya mdomo vinavyokuzuia kula, mikono au miguu kuuma mpaka kazi za kawaida zinashindikana. Ukifika hapo haumezi dozi inayofuata mpaka uongee na wa hospitali. Maumivu ya kifua hata kupiga simu usisubiri, ni hospitali moja kwa moja, hii dawa inaweza kugusa moyo. Na kuna watu miili yao haina uwezo wa kutosha wa kuivunja hii dawa, kwao madhara yanakuja mapema na kwa nguvu, kipimo chake kipo, uliza kabla hujaanza.

Nyayo zangu zilipofika hali ya kushindwa kutembea nilipiga simu sikuhiyohiyo na dokta akasema simamisha. Kusema kweli niliogopa sana, nikawaza hizi siku bila dawa kansa si itapata nafasi? Dokta akanielewesha kwamba kupumzika na kupunguza dozi ni sehemu ya matibabu yenyewe, dozi zilizorukwa hazifidiwi na unaendelea, na anayejikaza kimya ndo anaishia kulazwa na kukaa bila dawa muda mrefu zaidi. Tukasubiri ngozi ikapona, nikarudi na dozi ndogo, na nikaimudu mpaka mwisho. Ndugu yangu unayesoma hii ukiwa umekaza meno, tafadhali piga simu.

Mdogo wangu alikua ananisaidia na yeye tulimlinda. Vidonge hashiki kwa mkono mtupu, anavaa glavu au anamimina kwenye kifuniko na mimi nachukua, anamaliza kwa kunawa. Havisagwi wala havikatwi, vumbi lake halifai kuvutwa. Choo nilikua nafunika mfuniko na kuflashi mara mbili, na nguo au shuka lenye matapishi au haja linafuliwa peke yake kwa glavu, hata saa 48 baada ya dozi ya mwisho. Kukumbatiana, kula pamoja, kulala chumba kimoja, hamna shida kabisa, msimtenge mgonjwa.

Kopo linakaa pakavu, sio bafuni, juu ambapo mtoto hafiki, na vidonge sikuvichanganya kwenye kiboksi cha dawa nyingine. Dozi ilipopunguzwa vikabaki vingi, hivyo sikumwaga chooni wala sikumpa mtu, nilivirudisha famasia ya hospitali nikiwa kwenye foleni ya vipimo vya damu vya mzunguko uliofuata.