Machela au hema? Angalia ardhi kwanza

Anayefunga safari ya baiskeli Unguja au Pemba huanza na uzito. Machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa baina ya miti miwili, pamoja na turubai lake ni kama kilo 1 na nusu. Hema la kawaida la mtu mmoja mara nyingi ni kama kilo 2. Spoki za gurudumu la nyuma zinaijua tofauti hiyo, khasa kwenye vilima vya Pemba. Lakini la kwanza ni ardhi: unakwenda kulala penye nini?

Pande za Makunduchi na Jambiani ni uwanda wa mawe, udongo kiduchu juu ya jiwe la matumbawe, na vichaka vingi havipiti kimo cha kifua. Huko chukua hema, tena linalosimama kwa fito zake lenyewe, kwani vigingi havizami. Pembe zifunge kwenye mawe. Ufukweni nako mchanga haushiki kigingi: jaza mchanga kwenye mfuko, ufunge kamba, uuzike kina cha mkono mpaka kiwiko. Usipige hema chini ya mstari wa mwani mkavu. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri, nawe umelala fofofo.

Pemba ni habari nyingine. Sehemu kubwa ina miembe na mifenesi, na udongo mzito. Hapo machela ndiyo yenyewe: siku za kaskazi hema hufuka joto kama tanuri, machela hupitwa na upepo juu na chini.

Kosa kubwa ni kuikaza machela kama waya wa kuanikia nguo. Mkanda wa kufungia mtini ukipanda kutoka usawa kwa pembe ya nyuzi 30, mtu wa kilo 75 huvuta kila mti kwa nguvu ya kilo 75. Ukiukaza mpaka nyuzi 10, kila upande unabeba kilo 216. Hapo ndipo mshono hufumuka. Iache ilegee, ulale mshazari, mgongo utanyooka. Machela ya mita 3.3 inataka miti iliyoachana mita 4 hadi 5, na mkanda ufungwe kimo cha mtu mrefu. Minazi ya shamba mara nyingi huachana mita 8 au 9. Ungelazimika kuparamia kama mita 3 ili kupata pembe ya nyuzi 30. Na hata ikikaribiana, juu kuna nazi na makuti makavu. Iache. Mkarafuu nao matawi yake hukatika kirahisi, wachumaji wanalijua hilo. Ufukweni tafuta mivinje.

Tumia mkanda mpana wa poliesta, si kamba ya nailoni. Nailoni hutanuka, zaidi ikilowa. Unalala juu, unaamka makalio yako yapo chini. Kwa mwembe mnene mkanda uwe mita 4.

Kabla ya kufunga, tazama shina na matawi vizuri. Ukiona majani yameshonwa pamoja kama mfuko, ni kiota cha majimoto, chungu wekundu wanaouma. Tafuta mti mwengine. Hata mti ulio safi, zungushia mkanda kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, shibri moja kutoka shinani.

Mbu hawazuiliki kwa chandarua cha juu peke yake. Kitambaa chembamba kikikaza mgongoni, wanauma kutokea chini. Tandika mkeka mwembamba ndani ya machela; utakukinga pia na baridi ya upepo wa kusi.

Mvua ya masika haiingii kwa juu tu. Maji huteremka shinani, yakafuata mkanda mpaka kitandani. Funga uzi wa pamba kwenye mkanda, kabla haujafika kwenye machela, uuache uning'inie kama utambi. Maji yatadondokea hapo. Turubai hilo hilo lifunike pia cheni ya baiskeli.

Mti una mwenyewe. Fika kabla ya magharibi, umuulize mwenye shamba au sheha, naye ndiye atakayekwambia mwembe upi una majimoto.