Jinsi tulivyoiokoa mashine yetu ya dhahabu baada ya kuzama majini, Busia

Huku Busia, Uganda, mashine ya kutafutia dhahabu (detekta, ile inayolia ikipita juu ya metali) ikiingia maji, jambo la kwanza watu hufanya ni kubonyeza swichi waone kama bado inawaka. Nakuomba usiibonyeze. Mashine ya kikundi chetu ilizama msimu wa mvua wa mwaka jana, ikatolewa imejaa tope, na mpaka leo tunaitumia. Fundi aliifanyia kazi nzuri sana, lakini naamini kilichoiokoa kilifanyika palepale ukingoni: betri ilitoka mapema, na hakuna mtu aliyeiwasha.

Tunafanya kazi upande wa Tiira. Mwamba wa dhahabu wa huku ni mmoja na ule wa ng'ambo ya mpaka, uliovuta umati wa watafutaji kwenda Kakamega miaka ya 1930. Wachimbaji wengi wa hapa hushuka mashimoni, husaga mawe, kisha huosha unga wake kwa karai. Sisi tunapitisha mashine kwenye udongo wa juu na vifusi vya zamani ili tujue pa kuchimba kabla ya kuchoka bure. Ilinunuliwa kwa akiba ya kikundi, fedha za akina mama wa sokoni na vijana wa boda, kwa hiyo ikiharibika wanaoumia ni wengi. Na kazi yenyewe huwezi kuitenga na maji. Mvua kubwa ni ya Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba, na siku nzuri ya kutafuta ni ile inayofuata mvua: udongo wa juu umesombwa, mawe yametokeza, jembe linazama vizuri.

Ukienda kununua utaambiwa, "Hii haiingii maji." Uliza ni sehemu gani isiyoingia maji. Kwenye mashine nyingi ni koili tu, ile sahani ya chini inayopita juu ya ardhi. Ndani yake waya umemiminiwa gundi ngumu, unaweza kuitumbukiza mtoni bila wasiwasi. Kisanduku cha juu chenye bodi (kibao cha saketi za umeme), skrini na betri ni habari nyingine kabisa. Tafuta alama za IP, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji, kwenye kitabu chake. IPX4 inavumilia maji ya kurushiwa, yaani manyunyu. IP67 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. IP68 inakwenda zaidi ya hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji. Zipo zilizozibwa mwili mzima. Garrett AT Gold, kwa mfano, inaruhusiwa kuzama hadi mita 3, ila hedifoni zinazokuja nayo hazitakiwi kulowa. Yetu koili yake inaweza kuzama, kisanduku hakiwezi.

Watu wanaogopa mto. Mimi naogopa zaidi waya. Mvua ya kawaida huingia kwenye kisanduku kwa kufuata waya wa koili: tone linaangukia waya, linateremka nao taratibu, linaishia kwenye soketi, na pale linatafuta mwanya. Kwa hiyo waya usiuvute ukanyooka moja kwa moja hadi kwenye soketi. Uache uning'inie kidogo chini ya usawa wa soketi, ndipo upande kuingia. Tone likifika pale chini linadondoka, haliwezi kupanda. Plagi nayo ina pete ya mpira. Ipanguse, kisha ipake grisi ya silikoni kidogo tu, ile ya maduka ya mabomba. Chembe moja ya mchanga chini ya pete hiyo inatosha kuyafungulia maji njia.

Kisanduku tunakivalisha kavera (mfuko wa plastiki) nzito iliyo wazi upande wa chini. Wapo wanaoifunga kwa mpira pande zote ikabana kabisa, na hilo silishauri. Jua la saa sita likipiga, hewa yenye unyevu iliyo ndani hupata joto. Wingu likija na baridi yake, unyevu ule hugeuka matone juu ya skrini na bodi. Mashine inalowa na mvua haijanyesha. Kwa sababu hiyohiyo, ukirudi nyumbani na mashine yenye majimaji usiifungie kwenye mfuko wake. Iache wazi ilale ikipigwa na hewa. Na ngurumo zikianza, tokeni uwanjani. Radi huua watu hapa Uganda, na wewe umesimama mahali pa wazi na mpini wa chuma mkononi. Dhahabu itakuwepo kesho.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa tunarudi jioni. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa juu, na kinamasi tulichovuka asubuhi maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu sasa kilikuwa kimefunika kalavati. Tulishuka kwenye boda tukaisukuma. Kijana aliyebeba mashine begani alikanyaga ukingo ambao maji yalikuwa yameula kwa chini, ukameguka, akazama hadi kifuani na mashine nzima ikaenda naye. Aliiinua upesi sana, namsifu mpaka leo. Lakini maji ya tope hayahitaji muda.

Mwenye boda alikuwa wa kwanza kuifikia. "Mama, tuiwashe tuone kama iko sawa?" Kidole kilikuwa tayari kimeshafika.

"Acha, mwanangu. Swichi hiyo usiiguse kabisa. Nipe hapa."

Maji peke yake huichukua bodi polepole. Balaa ni maji yakikutana na umeme. Maji ya kinamasi yana chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo hupitisha umeme kutoka njia moja ya shaba hadi nyingine pasipotakiwa. Ukiwasha, kitu kinaweza kuungua papo hapo. Hata usipowasha, betri ikiwa bado ndani kuna sehemu za bodi zenye umeme muda wote, na pale shaba huanza kulika na kutoa ule ukoko wa kijani. Hayo ni mambo ya saa chache.

Nilivua leso niliyojifunga, nikapangusa kisanduku chote, hasa ukingo wa mfuniko wa betri, ili maji ya nje yasije yakaingia nikiufungua. Nikakiinamisha mfuniko ukiangalia chini, nikaufungua, maji ya kahawia yakatoka, nikachomoa betri. Kisha plagi ya koili, kisha ya hedifoni, soketi zote zikitazama chini ili zijimwage zenyewe. Sikuitikisa. Ukitikisa unayasukuma maji mahali ambako yalikuwa hayajafika. Tulisafiri hivyo hadi nyumbani, kisanduku kikiwa mikononi mwangu, mdomo chini.

Tope lisikaukie kwenye bodi, ndiyo maana hatukungoja asubuhi. Tulipitia kituo cha mafuta tukanunua maji ya betri. Hapa kuwa makini: omba maji yaliyosafishwa, na usome chupa, kwa sababu asidi ya betri nayo inaweza kuwa kwenye rafu ileile. Nilifungua skrubu moja moja, nikipiga picha kwa simu kila hatua ili nijue kila kitu kinarudi wapi. Ndani palikuwa na utandu mwembamba wa kahawia juu ya bodi yote, laini ukiugusa, na tone moja kubwa limejificha chini ya ule utepe wa waya unaokwenda kwenye skrini. Tone hilo nisingeliona kwa nje hata kidogo. Nilichomoa skrini na spika nikaviweka kando, kwa sababu maji yakiingia kati ya matabaka ya skrini hayatoki, na karatasi ya spika ikilowa zaidi inajikunja. Bodi niliimwagilia maji yale masafi kidogo kidogo, nikaiinamisha, nikarudia mpaka yanayotoka yakawa meupe.

Asubuhi nilikuwa kwa fundi wa simu mjini. Nawaamini mafundi wa simu kwa kazi hii, maana bodi zilizoingia maji wanazipokea kila wakati.

"Mama, uliiwasha?"

"Hapana."

"Betri je?"

"Ilitoka palepale majini."

"Basi iache hapa, tutahangaika nayo."

Alitumia alkoholi ya kusafishia bodi, ile kali ya asilimia 99. Inachanganyika na maji yaliyobaki chini ya vijidude vya bodi, halafu inaruka hewani pamoja nayo. Spiriti ya duka la dawa si sawa: mara nyingi ni kama asilimia 70, kilichobaki ni maji, na nyingine zina mafuta yanayoacha utando. Alisugua kwa mswaki laini, akiinama na lenzi jichoni, akanionyesha pini mbili za soketi ya koili zilizokuwa zimeanza kijani pembeni. Alizisafisha hadi zikang'aa. Vibati vinavyogusa betri alivisugua kwa raba ya penseli. Ukifanya kazi hii nyumbani, sigiri iwe mbali, na sigara pia, kwa sababu mvuke wa alkoholi hiyo unashika moto.

Mchele uache jikoni. Nimeshaletewa ushauri huo na watu wengi wema, lakini mchele unafyonza unyevu kidogo tu, na vumbi lake la wanga linaingia kwenye soketi na kugeuka uji. Tulikausha bodi kivulini juu ya kitambaa cheupe, feni ikipuliza kutoka mbali. Si juani juu ya mabati, ambako plastiki inapinda na skrini inaweza kuwa nyeusi. Baadaye vyote viliingia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika nilivyoomba kwa wauza viatu sokoni. Ukipata silika yenye punje za buluu ni bora zaidi, maana zikijaa unyevu zinageuka waridi, na hapo unajua ndani bado kuna maji.

Kipindi hicho cha kungoja kilikuwa kigumu kuliko kuosha. Wanakikundi walipiga simu, wengine walikuja wenyewe. Mashine imepona? Kwa nini usiijaribu dakika moja tu? Niliwaelewa, fedha ni zao. Mzozo mkubwa ulikuwa wa betri. Ilikuwa ya lithiamu, kwa nje haikuonyesha kitu, na baadhi walitaka tuichaji kwanza. Nilikataa. Betri ya lithiamu iliyoingia maji inaweza kuvimba, kupata joto na hata kuwaka moto, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, na mimi ninalala na wajukuu nyumba moja. Niliiweka nje juu ya matofali, mbali na kuta, na tukachanga kununua nyingine. Kama yako inatumia betri ndogo za kawaida, shida ni ndogo: zitupe, na kama zilivuja na kuacha unga mweupe kwenye springi, siki kidogo kwenye pamba inautoa, kisha pangusa kwa maji safi na ukaushe.

Siku ya kujaribu tulikwenda kwenye shamba la wazi, mbali na mabati na nyaya za umeme, zinazoivuruga mashine hata ikiwa nzima. Niliwasha kwa muda mfupi, nikazima, nikanusa na kugusa kisanduku: hakuna harufu ya kuungua, hakuna joto. Nikawasha tena. Mlio wa chini ulikuwa umetulia. Msumari ukaita, sarafu ya shilingi 100 ikaita, na kipunje cha dhahabu tulichokibandika kwenye kadi kikaita pia, kwa sauti nyembamba, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Lakini nilipoutingisha waya karibu na plagi, mashine ilikwaruza. Maji huweza kujificha ndani ya plagi na kunyonywa na nyuzi za waya. Plagi ikarudi kwenye ndoo ya silika, ikakaushwa upya, na mkwaruzo ukaisha. Spika haikupona, sauti yake ilikuwa imepasuka. Fundi aliweka nyingine ya ukubwa uleule na yenye omu zilezile, yaani ukinzani uleule wa umeme. Usikubali kuwekewa yoyote iliyopo tu, ukinzani ukiwa mdogo mno unaweza kuunguza saketi ya sauti.

Sasa tukifika kwenye maji yanayozidi magoti, betri inatoka, kisanduku kinaingia kwenye ile ndoo ya rangi, mfuniko unagongwa, na ndoo inakwenda kichwani. Ikianguka inaelea. Mpini na koili vinabebwa kivyake.

Na jioni, kabla ya kuhifadhi, tunavua kifuniko cha koili. Usiruke hatua hii hata kama umechoka. Mchanga mweusi wenye sumaku hujikusanya pamoja na maji kati ya kifuniko na koili, na mashine inapiga kelele za uongo kila ukiipitisha. Nimeshaona mtu anaipasua koili nzima akidhani imeingia maji, kumbe tatizo lilikuwa mchanga wa kijiko kimoja. Vua kifuniko, osha pande zote mbili, kausha, rudisha, ndipo ujaribu tena.