Nilivyojifunza kutua juu ya mto wa shangazi

Nimekulia Kipawa, pua na mdomo na uwanja wa ndege wa Dar. Ndege ikipita juu ya bati letu mama alikatisha maneno, ikishapita akaendelea palepale alipoishia. Mimi niliweza kutofautisha Fokker na Boeing 737 kwa mlio tu, nimefumba macho.

Darasa la sita nikavalishwa miwani. Mjomba, mwalimu wa hesabu na kila aliyewahi kupanda ndege mara moja maishani wakaniambia urubani ndiyo basi tena. Nikawaamini miaka kumi na moja! Nikasomea uhasibu. Siku nilipofika kwa daktari anayepima marubani, alinipima miwani ikiwa machoni, akaandika kwenye cheti niruke nayo na nibebe ya akiba. Basi. Kwa hiyo wewe mwenye ndoto hii, kapimwe kwanza kabla hujalipa shilingi ya shule. Na kapimwe kwa daktari aliyeidhinishwa, siyo kwa mjomba.

Hela iliondoka na kiwanja changu cha Kibada, na bado dada ananidai. Nilisomea Nairobi, uwanja wa Wilson, nikilala kwa shangazi South C. Nililipa saa kwa saa. Nikiishiwa narudi Dar kufunga vitabu vya hesabu vya watu. Leseni ya mwanzo huanzia saa 40 angani. Mimi nilifika sitini na ushee, na mchawi wangu alikuwa kutua.

Ardhi ikikaribia, niliona lami inanijia usoni, navuta usukani. Ndege inanyanyuka, inaishiwa mwendo, inadondoka pu! Inaruka tena. Siku moja ilidunda mara tatu kama mpira wa chandimu, mwalimu akaninyang'anya usukani tukapaa upya. Hakusema neno mpaka tulipokuwa juu ya mbuga, twiga wako chini kule. "Sasa hiyo, kwenye kitabu chako niandike umetua mara ngapi?"

Wakanishauri nipumzike, nisali, nibadilishe mwalimu. Kumbe tatizo lilikuwa makalio. Mimi mfupi, na kila siku nilikaa kimo tofauti, hivyo kila siku njia ya kurukia ilikuwa na sura nyingine. Nikachukua mto wa kochi la shangazi bila ruhusa, nikahesabu tundu za reli ambayo kiti husogezwa juu yake, nikakaa palepale kila somo. Na macho nikayapeleka mwisho wa njia, siyo chini ya pua ya ndege. Usiku nilikaa kwenye kigoda uani, sahani ya plastiki ndiyo usukani, nikiuita mnara wa kuongozea ndege kwa sauti. Dada wa kazi akawaambia majirani mgeni wa mama kachanganyikiwa.

(Chukua masomo ya alfajiri. Wilson iko futi 5,500 na zaidi juu ya bahari. Jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inakimbia hadi unajiuliza kama itanyanyuka. Sisi watu wa pwani hilo hatulijui.)

Asubuhi moja mwalimu akashuka, injini inaunguruma. "Zunguka mara moja, unirudishie ndege." Bila uzito wake ilipaa mapema hadi nikashtuka. Wakati wa kutua nikakazia macho mwisho wa njia, nikasubiri, nikasubiri, king'ora cha kuishiwa mwendo kikaanza kulia, matairi yakagusa kwi! Mara moja tu. Nililia, na miwani ikafanya ukungu.

Leo narusha ndege ndogo aina ya Caravan kati ya Dar, Unguja na Mafia, na bado nikipaa juu ya bahari asubuhi najikuta natabasamu peke yangu. Mwezi uliopita alinijia binti wa Kipawa, miwani minene kunishinda, mfupi vilevile. Nimempa namba ya daktari. Mto akatafute wake. Huu wa shangazi siazimishi.