Siku yangu na mbwa wa watu, kuanzia Goba mpaka Bunju

Saa 11 alfajiri

Muadhini wa msikiti wa jirani ndiye saa yangu ya kuniamsha. Nikishaswali naingia jikoni kukatakata firigisi za kuku, zawadi ya mbwa ninaowafundisha majumbani kwa watu, nilizochemsha jana usiku bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, na bado nakuta nyumba nyingi zinawamwagia makombo ya mchuzi. Vipande navikata vidogo kama punje ya hindi. Kikiwa kikubwa mbwa atashughulika kutafuna, na akimaliza ameshasahau alipewa kwa jambo gani.

Nguo za kazi zina msumari wake nje, ukutani, haziingii chumbani. Sisi wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Karibu kila wiki mtu ananiuliza nawezaje kufanya kazi hii na mimi ni Muislamu. Namjibu kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia wameruhusiwa, na mbwa aliyefundishwa vizuri ndiye asiyemrukia mtu anayewahi swala. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja mstaafu wa kikosi cha mbwa na farasi cha polisi, na sijawahi kuijutia.

Saa 12 na nusu asubuhi, Salasala

Bodaboda ananishusha kwenye geti lenye kibao cha "Mbwa mkali". Bosi ameshaondoka kuikwepa foleni ya Mwenge. Wamebaki mlinzi, dada wa kazi na Taiga, dume la miaka mitatu, nusu Jemani Shepadi na nusu mbwa wetu wa kienyeji.

Nilipokuja mara ya kwanza, kabla ya kumshika niliomba kadi ya chanjo. Kila nyumba naanza hivyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea kwa mtu, kupona ni kama hakuna, kwa hiyo hapo sina utani na tajiri wala maskini. Kadi ilikuwepo, chanjo ya mwaka huu ilikuwa imechomwa. Tatizo la Taiga lilikuwa lingine: alikuwa amemng'ata mguu msoma mita wa maji, tena bila kunguruma. Dada alifanya jambo la maana sana siku ile. Alimkalisha yule kijana bombani, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha akampakia bajaji kwenda hospitali kuchomwa chanjo siku hiyohiyo.

Nilimwuliza mlinzi kama Taiga zamani alikuwa ananguruma. Akasema ndiyo, mpaka alipokuja mwalimu mmoja kabla yangu, aliyefundisha kwa fimbo. Kila Taiga akinguruma anachapwa. Kunguruma ni mbwa anasema "usinisogelee, naogopa". Ukimchapa kwa kusema hivyo ataacha kusema, lakini woga unabaki palepale. Hasira iliyonipanda siku ile ninayo mpaka leo.

Jambo la pili nililoligundua ni maneno. Bosi anamwambia "sit", dada anamwambia "kaa", mlinzi anamfokea "chini we!". Mbwa hana kamusi, anajua mlio. Tukakubaliana maneno matano ya Kiswahili, maana wanaoshinda naye ni Waswahili, nikayaandika kwa makapeni kwenye kipande cha boksi kikatundikwa kibandani kwa mlinzi: Kaa. Lala. Njoo. Subiri. Acha.

Leo ni wiki ya nne na tuko kwenye zoezi la geti. Sishiki mimi kamba, anashika mlinzi. Ni mzee wa makamo, namwamkia shikamoo, na siku za kwanza alikuwa anaona aibu kusema na mbwa kwa sauti laini mbele ya watu. Anaweka mkono kwenye komeo. Taiga anasimama, masikio mbele. Mzee anautoa mkono, anatulia, hasemi kitu. Mkono tena kwenye komeo, Taiga anasimama tena, mkono unatoka. Mara ya tano chuma kinalia kidogo, Taiga anaangalia mkono, anamwangalia mzee usoni, kisha makalio yanashuka taratibu mpaka chini. "Safi!" anasema mzee palepale, na firigisi inaingia mdomoni. Neno "safi" lisizidi sekunde moja baada ya tendo. Likichelewa, mbwa ataamini amepewa kwa sababu ya kujikuna au kupiga chafya.

Tumerudia mara kumi na mbili tu, tukaacha angali anataka. Geti halijafunguliwa hata mara moja leo, na hilo halinisumbui.

Saa 3 asubuhi, Tegeta

Hapa kuna familia ya Kiislamu iliyovunjiwa mara mbili, baba akakubali mbwa wa ulinzi lakini mama hataki mate yake kwenye kanzu za watu. Namwelewa kabisa. Kwa hiyo somo kubwa la nyumba hii ni umbali. Watoto wanamlisha kwa mwiko mrefu wa mbao uliotengwa kwa kazi hiyo, na chakula kinawekwa chini, hatua mbili mbele yao. Akisogea karibu zaidi mwiko unapanda juu. Akirudi nyuma unashuka. Leo mama mwenyewe kapita uani na ndoo ya nguo, mbwa akajirudisha hatua mbili bila kuambiwa. Mama akasimama, akamtazama, akasema, "Mwalimu, huyu ana adabu kuliko wangu hawa." Nimeondoka pale moyo mweupe.

Saa 5 mpaka saa 9

Jua la mchana sifundishi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na joto la Dar lenye unyevu linamwelemea upesi. Lami naipima kwa mgongo wa kiganja: nikishindwa kuuacha pale mpaka nihesabu saba, hakuna mbwa wa kupita hapo.

Baada ya swala na sahani ya wali maharage napokea simu. Leo kapiga mama mmoja wa Madale, anatafuta mahali pa kumpeleka mbwa wake mwezi mzima ili arudi "mkali na mwenye akili". Nimemwambia ukweli. Mbwa atarudi anamtii aliyemfundisha, na nyumbani mlinzi na dada hawatajua wamwambie nini, baada ya wiki mbili mambo yatarudi yalivyokuwa. Amtafute mwalimu atakayekuja nyumbani. Amuulize daktari wa mifugo anayemchanja mbwa wake, maana daktari anajua mbwa wa nani wanatulia mezani. Awaulize na majirani ambao mbwa wao hawarukii geti kila bodaboda ikipita. Kisha aombe kutazama somo zima la mbwa mwingine kabla hajatoa hela, na amtazame mbwa anapomwona mwalimu wake anaingia. Akifyata mkia, mama aage aondoke.

Kuhusu ukali nilikaa naye kwenye simu muda mrefu zaidi. Mbwa aliyefungiwa bandani tangu utoto, akafunguliwa usiku tu, hamjui mwizi wala hamjui shangazi. Kwake kila mtu ni hatari. Mbwa anayebweka getini, akaacha akiambiwa acha, amemaliza kazi yote ya ulinzi ambayo nyumba ya kawaida inahitaji. Sijui kama nilimshawishi. Amesema atazungumza na mumewe.

Saa 10 jioni, Bunju

Katoto ka mbwa ka wiki tisa, na hapa ndipo furaha yangu ilipo. Watu wengi wananiita mbwa akifika miezi sita, wakiamini ndipo akili imefunguka. Dirisha kubwa la kuzoea dunia liko kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 hivi. Atakachokutana nacho kwa amani katika wiki hizo hatakiogopa sana ukubwani.

Ila chanjo hazijakamilika, na pavo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, inaua watoto wa mbwa kwa siku chache. Kwa hiyo hatumweki chini barabarani. Kijana wa nyumba, wa darasa la sita, anambeba kwenye kapu hadi karibu na stendi ya bodaboda, tunakaa kwenye benchi. Pikipiki inawashwa, kipande cha firigisi. Mama mwenye baibui anapita, kipande. Muuza mihogo anagonga chuma, katoto kanajikunja, tunasogea mbali hatua kumi, tunasubiri masikio yainuke, kipande. Nusu saa, basi. Kamelala kapuni tukirudi.

Saa 2 usiku

Nimefika Goba na vumbi, nimeshaoga, simu inalia. Ni mzee wa Salasala, ananong'ona kama mtu aliye msikitini.

"Mwalimu, bosi kaingia na gari. Nimefungua geti lote. Taiga kakaa. Kakaa mwenyewe, sijamwambia kitu."

"Bado amekaa?"

"Sasa amelala, pale kwenye mwanga wa taa."

Nikamwambia asimwite. Amfuate palepale alipolala, aseme "safi" kwa sauti ya chini, na ampe firigisi zote zilizobaki kwenye kikopo.